Kuwahi Kabla Mtoto Hajabaki Nyuma: Mwalimu wa Darasa la Kwanza na Mafunzo Anayostahili

Siku ambayo mtoto hupotea shuleni haiandikwi katika daftari lolote la mahudhurio, kwa sababu siku hiyo mtoto mwenyewe yumo darasani, amebanana na wenziwe watatu au wanne juu ya dawati moja, midomo yake ikienda sambamba na midomo yao katika kuitikia ba, be, bi, bo, bu, na mwalimu aliyesimama mbele ya halaiki ya watoto themanini, au mia, au zaidi ya hao, hana njia ya kuitambua sauti moja iliyokosekana katika sauti zile zote. Kesho jina lake litaitwa, naye ataitika. Ataitika mwaka mzima. Atavuka darasa la kwanza, na la pili, kwa kunakili kutoka ubaoni herufi asizozijua, na aghalabu kwa kuhifadhi moyoni kurasa za kitabu ambacho amekisikia mara nyingi lakini hajapata kukisoma. Na utakapofika mwaka ambao kila somo humtaka mwanafunzi ajisomee mwenyewe, ndipo wakubwa watakapostaajabu na kuulizana mtoto huyu alipitia wapi, na wengine watakata shauri kwamba hana akili.

Nia yangu ni kuzungumza juu ya mwalimu anayeweza kuizuia hasara hiyo kabla haijawa, na juu ya namna ya kumfunza mwalimu huyo; nami nazungumza nikiitazama Katubuka, kwa kuwa jambo hili likizungumzwa kwa jumla hupotea katika maneno ya semina, ilhali likiwekwa mahali penye watu na lugha zao hudhihirika jinsi lilivyo. Katubuka ni kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, penye uwanja wa ndege wa Kigoma na penye bwawa liitwalo kwa jina la kata yenyewe, ambalo mvua zikizidi hupanda hata likawatoa watu majumbani mwao. Upande mmoja uko mji wa Kigoma, uliofikiwa na reli mwaka 1914, na upande wa pili uko Ujiji, mji ambao misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kuuzoea kabla ya wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke kuufikia mwaka 1858. Kwa sababu ya historia hiyo wakazi wake wametoka kila upande: Waha walioteremka kutoka Kasulu, Buhigwe na Kibondo, Wamanyema ambao wahenga wao walivuka ziwa kutoka Kongo, Wabembe, Warundi, na watu wa bara waliofuata reli, biashara na kazi za serikali.

Hapo ndipo ulipo ugumu ambao mwalimu wa Dar es Salaam huenda asiufahamu upesi. Mtoto wa nyumba ya Ujiji amekisikia Kiswahili tangu mapajani mwa mama yake, na anapofika shuleni kazi yake ni moja tu, nayo ni kujua kwamba alama zile za ubaoni ni sauti anazozitamka kila siku. Jirani yake wa dawati moja, aliyehamia mjini mwaka jana pamoja na wazazi wake kutoka vijiji vya Kasulu, ana kazi mbili kwa wakati mmoja, kujifunza lugha na kujifunza maandishi yake. Na wa tatu, aliyezaliwa Ujiji na asemaye Kiswahili fasaha, huenda hasomi kwa sababu hasikii vizuri kwa sikio la kushoto. Wote watatu, wakipewa kitabu na kuambiwa wasome, watanyamaza kimya kimoja. Mwalimu ambaye hakufunzwa kuubagua ukimya huu na ule atawaita wote wazito, na dawa atakayowapa itakuwa moja, yaani kurudia somo lile lile kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa nini basi kuwahi, na kwa nini tusingoje mtoto akue kidogo, kama wazazi wengi wasemavyo kwa nia njema, kwamba mwingine huchelewa tu na baadaye akawapita wenziwe? Mwanasaikolojia Keith Stanovich alieleza mwaka 1986, kwa ushahidi uliokusanywa na wengi, kwamba pengo la kusoma hujilisha lenyewe: mtoto asomaye kwa wepesi husoma zaidi, na kwa kusoma zaidi hupata maneno mapya yanayomrahisishia kusoma tena, hali asomaye kwa taabu hukimbia kitabu, na kwa kukikimbia huzidi kukosa yale ambayo yangemwondolea taabu yake. Pengo ambalo mwezi wa Juni wa darasa la kwanza ni silabi chache, likifika darasa la nne limekuwa maneno elfu na zaidi, na pamoja na maneno hayo limekwisha kuingia jambo baya kuliko upungufu wowote wa elimu, nalo ni itikadi ya mtoto juu ya nafsi yake kwamba yeye si mtu wa vitabu. Silabi hufundishika kwa majuma machache. Itikadi hiyo yaweza kudumu umri mzima.

Tena Kiswahili kimejaaliwa maandishi mepesi. Irabu zake ni tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Kwa hiyo mtoto aliyekwisha kuunganisha m na a akapata ma, kisha akaiweka ma juu ya ma akapata mama, ameshika ufunguo ambao mtoto wa Kiingereza huutafuta kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa maandishi ya Kiingereza hayafuati sauti kwa uaminifu kama yetu. Neema hii ina faida ambayo bado hatujaitumia ipasavyo. Mahali penye maandishi mepesi, mtoto asiyeunganisha silabi baada ya miezi michache ya mafundisho hujifichua mwenyewe kwa mwalimu ajuaye kusikiliza. Dalili yake ni bayana, na wakati wa kumsaidia ungalipo. Sisi, tuliopewa lugha inayoonyesha upungufu mapema, tumekuwa tukiungojea mtihani wa taifa utuonyeshe.

Na vipimo vilipokuja kutuonyesha, vilituonyesha mambo mazito. Mwaka 2010 wachunguzi wa Uwezo, mpango wa kupima stadi za watoto, walipita nyumba kwa nyumba nchini na kuwapa watoto karatasi yenye silabi, maneno, aya na hadithi fupi, wakabaini kwamba mmoja katika kila watano waliokuwa wanamaliza elimu ya msingi hakuweza kuisoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2013 kipimo cha kitaifa cha stadi za kusoma kikawafuata wanafunzi wa darasa la pili wenyewe, na kati ya kila mia ni wanane tu waliosoma kwa ufahamu uliotarajiwa. Serikali haikunyamaza. Mwaka 2015 ulikuja mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliotoa asilimia 80 ya muda kwa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, mambo ambayo sote tumezoea kuyaita KKK, na walimu wa madarasa hayo wakakusanywa kwa maelfu, wengi wao katika Chuo Kikuu cha Dodoma, wafundishwe kuanza na sauti za herufi badala ya majina yake. Mwaka uliofuata ada na michango ya lazima ikaondolewa, na watoto wakafurika madarasani. Furaha kubwa kwa taifa, na mzigo mkubwa juu ya mabega ya mwalimu yule yule aliyekuwa ametoka Dodoma na mkoba wake wa maarifa mapya.

Hapa yafaa tukumbuke kwamba nchi hii ina historia ndefu ya kufunza walimu wakiwa kazini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba wakachaguliwa vijijini, wakawa wanafundisha huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa wakufunzi wachache waliowatembelea. Wengi waliwadharau, na jina la mwalimu wa UPE, yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, likawa la kumshushia mtu hadhi. Nadhani dharau ile haikuwa ya insafu. Kijana yule alikuwa na jambo moja ambalo mwanachuo wa ndani ya kuta hana, yaani darasa la kweli mbele yake kila siku la kuyajaribia aliyoyasoma usiku. Alichokikosa ni mtu mzima wa kazi hiyo kuketi nyuma ya darasa, kumtazama, na baada ya somo kumwambia kwa upole kwamba mtoto wa dirishani hajafumbua kitu tangu asubuhi. Fundi wa mashua wa Ujiji hujifunza kuunda mashua akiwa na randa mkononi na fundi mkubwa pembeni, na hakuna aliyewahi kudai kwamba chombo chake huvuja kwa sababu hakukaa darasani.

Mkoa wa Kigoma wenyewe ulipata nafasi ya kulijaribu jambo hili. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014 hadi 2020, uliichagua Kigoma iwe miongoni mwa mikoa yake ya kwanza. Walimu wachache wa kila shule walipelekwa mafunzoni, nao waliporudi walikaa na wenzao shuleni kwao kudurusu moduli moja baada ya nyingine, na Waratibu Elimu Kata wakatakiwa kuwafuata huko huko. Fauka ya hayo, katika vijiji ambavyo watoto walikuwa hawajapata darasa la awali wala hawakuzoea Kiswahili nyumbani, mtu wa kijiji hicho hicho, aliyechaguliwa na watu wake, alifunzwa kuwapokea watoto kwa majuma 12, ambayo baadaye yaliongezwa yakawa 16, awazoeze Kiswahili kwa hadithi, nyimbo na michezo kabla ya mlango wa darasa la kwanza kufunguliwa. Tathmini huru iliyofanywa kwa awamu tatu ilikuta kwamba kundi la watoto waliokuwa chini kabisa katika Kiswahili lilikuwa limepungua. Nalitaja hilo kwa uzito wake, kwa sababu mipango mingi huwainua walio katikati na kuwaacha wa mwisho pale pale walipokuwa. Walakini tathmini hiyo hiyo ilikuta pia jambo ambalo mwalimu mkuu yeyote wa Kigoma angeweza kulisema bila ya kuulizwa: walimu waliofunzwa walihamishwa, au walipelekwa madarasa ya juu, na mafunzo yakaondoka pamoja nao.

Katika nchi za mbali, mfano unaonivutia kuliko yote ni wa Marie Clay wa New Zealand, ambaye katika miaka ya 1970 aliwachukua watoto wa umri wa miaka sita waliokuwa wa mwisho katika kusoma baada ya mwaka mmoja wa shule, na kumpa kila mmoja mwalimu wake peke yake kwa nusu saa kila siku. Mpango wake ulienea nchi nyingi, na siku hizi New Zealand yenyewe imeuacha na kugeukia mafundisho ya sauti za herufi kwa utaratibu maalumu. Mabishano ya wataalamu juu ya hilo ni marefu, nami sina haja ya kuyaingia. Ninachotaka kukichukua kwake ni namna alivyowafunza walimu. Mafunzo yalichukua mwaka mzima, huku mwalimu akiendelea na watoto wake, na katika vikao vyao mmoja wao alimfundisha mtoto halisi ndani ya chumba chenye kioo kionyeshacho upande mmoja, ilhali wenzake upande wa pili wakitazama na kusemezana papo hapo: kwa nini amelirudia neno lile, kwa nini mwalimu amemwacha akosee, angefanya nini mwingine. Walijifunza kumtazama mtoto. Mwalimu aweza kusoma vitabu kumi juu ya matatizo ya kusoma, na bado asilione tatizo lenyewe likiwa mbele yake lina macho mawili na sare ya shule.

Hatuna vioo vile Katubuka, wala sidhani vinahitajika, kwa maana elimu ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja imekuwapo Ujiji kabla ya shule ya kwanza ya serikali. Yeyote aliyelelewa pwani hii ya ziwa amekiona chuo cha Kurani: watoto wameketi mkekani pamoja, walakini hawasomi pamoja. Mmoja yumo katika alifu na vijiti vyake, wa pili amekwisha kuingia juzuu amma, wa tatu yu karibu na khitma, na maalimu humwita kila mmoja kwa zamu yake, akamsikiliza pale alipofikia, akimwona hajathibiti humrudisha, akimwona amethibiti humwandikia mbele, na wakubwa wa chuo huwadurusisha wadogo wakati maalimu anashughulika na wengine. Hakuna mtoto anayevushwa kwa sababu mwaka umekwisha. Kasoro za chuo nazijua, na siziungi mkono. Fimbo imewatoa wengi, na wengine wamehitimu bila ya kufahamu maana ya waliyoyasoma. Lakini katika jambo hili moja, la kumpokea mtoto mahali alipo na kumsogeza kutoka hapo, maalimu wa mkekani alikuwa ametangulia. Taasisi ya Pratham ya India, ambayo karatasi yake ya upimaji ndiyo asili ya ile iliyotumiwa na Uwezo kwetu, imejulikana ulimwenguni kwa utaratibu wa namna hii, wa kuwapanga watoto kwa muda fulani wa siku kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa.

Wala muungano wa chuo na elimu mpya si ndoto. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Mombasa, wakihuzunika kwamba watoto wao huingia shule ya msingi bila ya maandalio, walimwomba Aga Khan msaada, na ikaanzishwa kazi iliyokuja kuitwa Madrasa Resource Centre, ambayo mwalimu wake wa mwanzo alikuwa Bi Swafiya Said. Wanawake wa mitaa ile ile walifunzwa kulea na kufundisha wadogo, na mkufunzi hakuwaaga siku ya kupewa cheti. Aliendelea kuwafuata darasani kwao kwa muda mrefu, akishauri na kusahihisha. Kazi hiyo ilienea Zanzibar na Uganda. Sioni kwa nini Ujiji, yenye vyuo vingi na masheikh wanaoheshimiwa, isifikiriwe kwa kazi kama hiyo, pamoja na makanisa ambayo nayo yana watoto wengi siku za Jumapili.

Sasa niseme mafunzo yenyewe yawe na nini, kwa maana mara nyingi tunapigania yawepo bila ya kuuliza ndani yake mna nini. La kwanza ni kumsikiliza mtoto mmoja akisoma kwa dakika tano, kwa karatasi ya silabi, maneno na sentensi chache, na kuandika alipokwama. Watasema darasa la watoto mia haliruhusu. Tufanye hesabu: mwalimu akiwasikiliza watoto watano kwa siku, dakika tano kila mmoja, ni dakika ishirini na tano, na katika siku ishirini za shule, yaani takriban mwezi mmoja, amewasikiliza wote mia. Darasa likifunguliwa Januari na mtoto akapewa muda wa kuzoea, kufikia mwisho wa Aprili mwalimu anaweza kumjua kila mtoto kwa jina na kwa kiwango chake, na mwaka ungali na miezi ya kutosha. Jambo linalohitaji mafunzo ni kuwashughulisha wale tisini na tano wakati huo, nalo ni sanaa ya kweli: makundi, viongozi wa makundi, kadi za silabi zilizokatwa kutoka maboksi, hadithi isomwayo na mwenzao anayejua. Katika sanaa hiyo, nusu saa ya kumtazama mwalimu hodari wa shule ya jirani huzidi juma zima la kuelezwa.

La pili ni kutafsiri makosa, na hapa Kigoma inahitaji elimu yake yenyewe. Mtoto wa Kiha akiandika kurara mahali pa kulala, hajakosa kusoma. Katika lugha ya mama yake r na l hazitengi maana kama zinavyotenga katika Kiswahili, na mkono wake umeandika kwa uaminifu kile ambacho sikio lake limesikia. Kadhalika dh na gh, sauti zilizotujia na maneno ya Kiarabu, zitamtaabisha kwa muda. Mwalimu anayelijua hilo atamzoeza kuzisikia tofauti hizo kwa mdomo kabla ya kumpa kalamu, na hatampa alama nyekundu itakayomfundisha kwamba lugha ya nyumbani kwao ni aibu. Tofauti na huyo, mtoto wa Kiswahili ambaye baada ya miezi minne huiona ba na da kuwa kitu kimoja, au aliyeijua silabi jana na leo hana habari nayo, anahitaji msaada wa namna nyingine, wa kurudiarudia kwa zamu fupi za kila siku, kwa kugusa, kwa kuchora mchangani, na kwa subira. Vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga viko katika mkoa huu huu, katikati ya wasemaji wa Kiha; hakuna mahali pafaapo zaidi pa kuandaa somo la namna hii na kuwapeleka wanachuo wakalifanyie mazoezi katika darasa la kwanza.

La tatu ni masikio na macho. Mtoto anayetoka usaha sikioni, mtoto anayefinya macho akitazama ubaoni, mtoto anayegeuza kichwa upande mmoja kila aitwapo: dalili hizi zinaonekana na mtu asiye tabibu, mradi amefundishwa kuzitazama, na mara nyingine hatua ya kwanza ni kumketisha mbele na kumwandikia mzazi barua ya kwenda zahanati. Chuo cha Patandi, Arusha, hufunza walimu wa elimu maalumu, na kazi yao ni adhimu, walakini ni wachache mno kuweza kuwa katika kila shule. Yule wa kwanza kumwona mtoto ni mwalimu wa kawaida, na lazima ajue mpaka ambapo maarifa yake yanakomea na ambapo sharti mtoto apelekwe kwa ajuaye zaidi.

Mafunzo haya hayadumu bila ya mfuatiliaji. Kenya, ilipoanzisha mpango wa Tusome katika shule zote mwaka 2015, haikutosheka na kitabu kwa kila mtoto na kiongozi cha mwalimu. Iliwatuma maafisa wake wa kata waingie darasani, wasikilize somo, wawasomeshe watoto wachache, kisha waketi na mwalimu wazungumze walichokiona. Kwetu Maafisa Elimu Kata wamepewa pikipiki, na nchi ina utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaowataka walimu wa shule moja wakutane kama jumuiya ya kujifunza. Na Kigoma imo pia katika mikoa tisa ya mpango wa Shule Bora. Vyombo basi vipo. Hofu yangu ni kwamba kikao cha jumuiya hugeuka upesi kuwa kikao cha matangazo, na ziara ya afisa ikawa ya kukagua maandalio ya somo na kutia sahihi. Ningependa kila kikao kianze na mtoto mmoja, jina lake likiwa siri ya chumba kile, na karatasi aliyoiandika juma hilo, na walimu wote waulizane juu yake mpaka wapatane la kufanya kabla ya kikao kijacho.

Kisha liko suala la nani anapewa darasa la kwanza. Katika shule nyingi mwalimu hodari hupewa darasa la saba, kwa sababu matokeo ya mtihani hubandikwa na kuhesabiwa, na darasa la kwanza huachiwa anayeonekana kuwa hana nguvu tena ya masomo mazito. Desturi hii yageuza mambo kinyume. Mwalimu wa darasa la saba hupokea watoto waliokwisha kuumbika kielimu. Wa darasa la kwanza ndiye anayewaumba, na kosa lake hurithiwa na wote wanaomfuata. Ningeshauri Manispaa ifanye mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi: mwalimu aliyefunzwa kazi hii asihamishwe darasa lake kwa miaka mitatu ila kwa dharura, na jina lake litajwe mbele ya wazazi siku ile ile wanapotajwa walimu wa darasa la mtihani, kwa heshima ile ile.

Limebaki jambo la watoto wanaohama, na kwa mwambao wa Tanganyika si jambo dogo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika. Wako wazazi wanaohama na majira, kutoka Kibirizi na Ujiji kwenda makambi ya kusini katika mwambao wa Uvinza, Buhingu na Kalya, na watoto wao huchukuliwa pamoja na nyavu na masufuria. Mtoto aliyekuwa ameanza kusaidiwa Katubuka mwezi wa Machi huonekana tena mwezi wa Mei katika shule nyingine, mbele ya mwalimu asiyejua kwamba alikuwa amekwisha kuziweza silabi za herufi mbili na kwamba alikuwa akikwama katika nda na mwa. Mwalimu huyo ataanza naye upya, au hataanza kabisa. Kwa hiyo mafunzo yote niliyoyataja yamfundishe mwalimu pia kuandika karatasi moja ya kila mtoto aliye nyuma: silabi anazozijua na asizozijua, lugha ya nyumbani kwao, hali ya masikio na macho yake, alichosaidiwa nacho na kama kilifaa; na karatasi hiyo wakabidhiwe wazazi siku wanapoaga, pamoja na barua ya uhamisho, na mwalimu mkuu wa huko waendako asimpokee mtoto kabla hajaiomba.